Milioni 3 Zisizotosha

Mwishoni mwa Juni 2023, Square Enix ilitoa tangazo fupi. Final Fantasy XVI, iliyotoka tarehe 22 mwezi huo kwa PlayStation 5 peke yake, ilikuwa imefika nakala milioni 3, ukijumlisha zilizosafirishwa madukani na zilizopakuliwa mtandaoni. Hata wiki mbili zilikuwa hazijapita.

Mwaka uliofuata kampuni hiyohiyo ikawaambia wawekezaji wake kwamba faida ya gemu hiyo haikufikia matarajio.

Sasa turudi Agosti 2018. Octopath Traveler, gemu ya picha za nukta iliyotoka Julai mwaka huo kwenye Nintendo Switch, ilifikisha nakala milioni 1 kabla mwezi haujaisha. Square Enix ilifurahi waziwazi, ikawashukuru wachezaji, na baadaye mwendelezo ukatengenezwa.

Milioni 1, shangwe. Milioni 3, masikitiko.

Matangazo haya mawili yamenikaa kichwani kwa wiki kadhaa, kwa sababu ubishi wa kwamba RPG za Kijapani (gemu za hadithi ndefu ambamo unaongoza kundi la mashujaa na kuwaimarisha) zimeshuka chati kila mara huendeshwa kwa namba za mauzo, na ni nadra mtu kuuliza namba hizo zilitakiwa kulipia gharama gani.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Mojawapo ya majina makubwa zaidi, Final Fantasy, limepungua uzito, na hilo halina haja ya kufichwa. Ila wapenzi wa aina hii ya gemu hawajapungua. Kilichovunjika kati ya mwaka 2006 na 2013 ni namna ya kuzitengeneza.

Chungu cha maua

Mhusika wa Final Fantasy VI ya mwaka 1994, anapotembea kijijini, ana upana wa nukta 16 na urefu wa nukta 24. Kijiji chenyewe kimejengwa kwa vigae vidogo vya picha vinavyorudiwarudiwa: kigae cha ukuta, kigae cha nyasi, kigae cha paa. Ukishakuwa na seti ya vigae, nyumba ya kumi haikugharimu zaidi ya kuipanga.

Maneno ya wanakijiji yalikuwa rahisi zaidi. Tukio kubwa likitokea, mwandishi alibadilisha sentensi mbili tatu, na yule mzee wa kando ya kisima akawa na habari mpya ya kukupa. Hapo ndipo penye roho ya gemu hizi: unarudi mjini baada ya vita, unamzungukia kila mtu, na kila mtu amebadilika kidogo.

Mwaka 2001 ikaja Final Fantasy X na sauti za waigizaji. Mchezaji bado aliruhusiwa kumbadilishia jina shujaa, Tidus, na matokeo yake katika gemu nzima hakuna anayemwita kwa jina kwa sauti. Ni jambo dogo, lakini linaonyesha ukuta uliokuwa unajengwa. Kila sentensi sasa ilihitaji studio ya kurekodia, mwigizaji, na kazi hiyo kufanywa upya kwa lugha nyingine. Yule mzee wa kisimani akawa ghali.

Kisha zikaja PlayStation 3 na Xbox 360, na picha za HD, yaani zenye undani mkubwa zaidi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Final Fantasy XIV ile ya kwanza, gemu ya mtandaoni ya Septemba 2010, iliyoanguka vibaya. Naoki Yoshida, aliyekabidhiwa kuifufua, alieleza baadaye kwenye mkutano wa watengenezaji kwamba chungu kimoja cha maua ndani ya gemu hiyo kilikuwa na poligoni 1,000 (vipande vidogo bapa vinavyounda umbo) na mistari 150 ya msimbo wa kompyuta wa kukipaka mwanga, sawa na mhusika mzima wa mchezaji. Weka vyungu kadhaa kwenye skrini moja, halafu waite wachezaji 20 wasimame hapohapo. Kompyuta inakata pumzi, na watengenezaji wanalazimika kupunguza idadi ya watu wanaoonekana, kwenye gemu ambayo sababu yake ya kuwepo ni kukutana na watu.

Tatizo halikuwa kwamba wachezaji wamechoka kupiga soga na wanakijiji. Mafundi walikuwa wanachonga chungu kwa uangalifu uleule wa kumchonga shujaa.

Final Fantasy XIII ya Desemba 2009 ndiyo iliyobeba lawama zote. Ina sura 13, na eneo la wazi, Gran Pulse, linafunguka kwenye sura ya 11. Kabla ya hapo unatembea kwenye njia iliyonyooka, na miji ya kuzurura kama ile ya zamani haipo. Watengenezaji wake walieleza baadaye kwamba miji ya namna ile ilikuwa mzigo mzito mno kuijenga kwa HD, na kwamba timu haikuwa na picha moja ya gemu wanayoitengeneza mpaka walipolazimika kukamilisha toleo la majaribio. Ndugu yake, Versus XIII, alitangazwa mwaka 2006, akabadilishwa jina kuwa Final Fantasy XV mwaka 2013, akatoka Novemba 2016.

Miaka 10 kwa gemu moja. Katika miaka 10 ya kuanzia 1987 hadi 1997 Square, kama kampuni ilivyoitwa wakati huo, ilitoa Final Fantasy saba.

Mtu aliyekuwa na miaka 12 alipoona tangazo la Versus XIII alikuwa na miaka 22 alipoishika mkononi. Kati ya hapo zilipita RPG za Magharibi kama Mass Effect, Fallout 3 na Skyrim, akajifunza kutaka vitu vingine.

Mfukoni kulikuwa na uhai

Wakati waandishi wa Marekani na Ulaya wanaandika taazia, Julai 2009 Dragon Quest IX ilitoka Japani kwenye Nintendo DS. Ilipita nakala milioni 5. Konsoli ya mkononi, skrini mbili ndogo, wahusika wa poligoni chache. Wajapani walijazana kwenye vituo vya treni na maduka ya Tokyo, mashine zikiwa zimewashwa mifukoni ili zibadilishane ramani za hazina na mashine za wapita njia.

Huo si mchezo uliokufa.

Ukipanga kwenye meza RPG za Kijapani za miaka ile, utaona DS na PSP, konsoli ya mkononi ya Sony, zimebeba sehemu kubwa, na sababu ni ileile ya chungu cha maua. Skrini ndogo iliruhusu kijiji cha bei nafuu. Aliyehukumu kwa kutazama kabati la gemu za televisheni aliona pengo, na pengo lilikuwepo kweli, ila wenyewe walikuwa wamehamia chumba cha pili.

Kisha ikatokea Bravely Default mwaka 2012, kwenye Nintendo 3DS. Kazi za kivita za kubadilishana, mashujaa wanne, fuwele, menyu ya amri, kila kitu ambacho washauri wa biashara walikuwa wamekizika. Square Enix yenyewe haikuichapisha nje ya Japani. Nintendo ndiyo iliyofanya hivyo. Ikauzika kote. Mwaka 2014 mkuu wa Square Enix wa wakati huo, Yosuke Matsuda, alisema hadharani kwamba kampuni ilikuwa imepoteza mwelekeo kwa kulenga soko la dunia nzima kwa pamoja, na kwamba gemu iliyotengenezwa kwa ajili ya mashabiki wa Kijapani ilikuwa imeuzika vizuri duniani bila kulazimishwa.

Kwangu hapo ndipo hadithi inapogeuka. Octopath Traveler imetoka kwenye mikono ileile, ya mtayarishaji Tomoya Asano.

Lakini kuna shaka ya kweli

Nisijifanye kwamba watu wa nje walikuwa vipofu tu. Kwa mchezaji wa Marekani, kushuka kulikuwa kitu alichokigusa kwa mkono.

Xenoblade Chronicles ilitoka Japani Juni 2010 na Ulaya Agosti 2011. Amerika Kaskazini ilikaa bila ahadi yoyote, mpaka mashabiki wakaanzisha kampeni ya barua na oda za mapema iliyojulikana kama Operation Rainfall. Ilifika Aprili 2012, ikiuzwa kwenye mnyororo mmoja wa maduka na tovuti ya Nintendo yenyewe. Sehemu ya pili ya Trails in the Sky ilitoka Japani mwaka 2006. Kwa Kiingereza ilipatikana mwaka 2015. Gemu hizo zina maandishi mengi mno, na kila sentensi inapaswa kutafsiriwa, kuhaririwa, kisha kujaribiwa ndani ya visanduku vya maneno ambavyo vilichorwa kwa herufi za Kijapani, zinazochukua nafasi ndogo.

Aina ya gemu inayofika kwako ikiwa imechelewa miaka tisa, wewe utaiita inayokufa. Una haki. Ila aliyepungua hapo ni mletaji, mlaji alikuwepo.

Je, zamu ndiyo kosa?

Hoja inayorudi kila mwaka ni kwamba vijana hawana subira ya mapigano ya zamu, ambamo unachagua amri kwenye menyu kisha unamsubiri adui. Wanataka kubonyeza na upanga ushuke papo hapo. Final Fantasy XVI ilijengwa juu ya imani hiyo: ni gemu ya mapigano ya moja kwa moja, bila menyu ya amri.

Hoja hii inaangushwa na Pokémon. Scarlet na Violet, Novemba 2022, ziliuza nakala milioni 10 ndani ya siku 3. Unachagua pigo, adui anachagua pigo, mnasubiriana. Wengi huiacha Pokémon nje ya hesabu za RPG za Kijapani kwa sababu ni kubwa mno na ni ya watoto. Sioni sababu ya kufanya hivyo.

Ila zamu nzuri na zamu mbaya ni vitu viwili tofauti, na hapa inafaa kuangalia kwa karibu.

Chukua Shin Megami Tensei III: Nocturne ya mwaka 2003. Kila mpiganaji wako anakuletea alama moja ya zamu. Mkiwa wanne, mna alama 4. Pigo la kawaida linakula alama 1. Ukimpiga adui kwenye udhaifu wake, unatumia nusu tu ya alama, kwa hiyo alama 4 zinaweza kukupa vitendo 8. Ukikosa, au ukitumia kitu ambacho adui hakimdhuru, unapoteza alama 2. Ukimpiga kwa kitu anachokirudisha au kukifyonza, zamu yako yote inaishia hapo. Na adui anafuata sheria hizohizo dhidi yako.

Ndiyo maana Matador, bosi wa mapema, huwafukuza wachezaji wengi. Anajiongezea wepesi mpaka kikomo kwa tendo moja, kisha anapiga upepo. Ukiingia na timu uliyoizoea, mapigo yako yanampita pembeni, kila kukosa kunakula alama 2, na kiumbe wako mmoja mwenye udhaifu wa upepo anampa yeye zamu za ziada. Unakufa ukiwa hujapata nafasi ya kujitibu. Suluhisho halihitaji kupanda levo 10. Mtoe kila mwenye udhaifu wa upepo, mpe shujaa Magatama (kitu cha kumpa nguvu na kinga) iitwayo Hifumi inayozuia upepo kabisa, na beba pigo la kupunguza wepesi, Fog Breath au Sukunda, ulitumie kila anapojiongezea. Pambano lililokuwa haliwezekani linageuka kuwa la dakika chache.

Hakuna kusubiri hapo. Kuna kufikiri, na adhabu ya haraka kwa asiyefikiri.

Zamu mbaya ni ile ya kukutana na maadui wasioonekana kila hatua chache, unabonyeza Attack mara nne, unasubiri maonyesho ya sekunde 30 ambayo hayawezi kurukwa, unapata pointi kidogo, unatembea hatua nyingine nane. Gemu za namna hiyo zilikuwepo, zilikuwa nyingi, na waliozikimbia walikuwa na haki ya kukimbia. Dawa ilipatikana kwa vitu vidogo: Bravely Default ilikuruhusu kuzima kabisa mapambano ya njiani au kuyaongeza mara mbili, na kuongeza kasi ya maonyesho. Octopath iliandika namba ya ngao chini ya kila adui, ipungue kila unapogusa udhaifu wake, ikifika sifuri anazubaa na kupoteza zamu. Wewe unakusanya pointi moja kila zamu, mwisho 5, unatumia hadi 3 kwa mpigo. Kila zamu ina swali la kujibu: nitumie sasa au nimngoje azubae?

Persona 5 ilipita njia hiyohiyo, ikaongeza menyu zilizochorwa kwa mbwembwe hivi kwamba kuchagua amri kwenyewe kukawa burudani. Yakuza, mfululizo wa ngumi za mitaani, ndio ulioshangaza wengi: mwaka 2020 uliacha mapigano ya moja kwa moja ukahamia kwenye zamu, na haukuwapoteza watu wake.

Milango mingapi?

Tukirudi kwenye zile milioni 3, angalia milango. Final Fantasy XV ilitoka kwa PlayStation 4 na Xbox One siku moja, kompyuta ikafuata mwaka 2018, na kufikia 2022 ilikuwa imepita milioni 10. Final Fantasy XVI ilikuwa na mlango mmoja, PlayStation 5, kwa zaidi ya mwaka. Kompyuta ilipata Septemba 2024, Xbox mwaka 2025. Final Fantasy VII Rebirth, Februari 2024, nayo ilianza na mlango huohuo mmoja, na ni sehemu ya pili ya hadithi ambayo ni vigumu kuifuata kama hukucheza ya kwanza.

Metaphor: ReFantazio ya Atlus, watengenezaji wa Persona na Shin Megami Tensei, Oktoba 2024, ilifungua PlayStation 4, PlayStation 5, Xbox na kompyuta siku moja. Milioni 1 ndani ya siku ya kwanza. Atlus walikuwa wameshapata somo lao Juni 2020, Persona 4 Golden, gemu iliyokuwa imefungiwa kwenye PlayStation Vita tangu 2012, ilipowekwa Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, bila kelele za miezi na ndani ya wiki chache ikapata wachezaji nusu milioni.

Kwetu Afrika Mashariki mlango ulikuwa mwembamba kwa sababu nyingine. Kwenye vibanda vya PS vya Dar, Mombasa au Nairobi unalipa kwa mechi au kwa dakika, na nyuma yako kuna foleni. Gemu ya saa 40 inayotaka kadi ya kumbukumbu yako mwenyewe haikuwa na nafasi pale. Mpira ukatawala, na gemu za kupigana wawili. Wengi waliozijua RPG hizi walizijua kwa emuleta, programu inayoiga konsoli, kwenye kompyuta ya nyumbani au simu, peke yao.

Nishati ya dakika 6

Simu ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi kuliko hoja zote za zamu.

Honkai: Star Rail ya miHoYo, kampuni ya Shanghai, ilitoka Aprili 2023. Ni RPG ya zamu, imejengwa kwa mtindo wa Kijapani waziwazi, na ni bure. Ndani yake kuna nishati inayojaa pointi 1 kila dakika 6, yaani 240 kwa siku, na hiyo ndiyo unayolipia vifaa vya kuimarisha wahusika. Mhusika unayemtaka unamchota kwa bahati: mchoto mmoja ni vito 160 (sarafu ya ndani ya gemu), nyota 5, yaani mhusika wa daraja la juu, inahakikishwa ifikapo mchoto wa 90, na kama bahati ikikupa nyota 5 asiye wako, unaweza kufika mchoto wa 180 kabla ya kumpata. Zidisha mwenyewe: vito 28,800.

Uandishi wake ni mzuri, muziki wake ni mzuri, mapambano yake yana akili. Lakini imetengenezwa ili isiishe. Hadithi ya zamani ya Kijapani ilikuwa na mwisho, unaifunga ukiwa umeshiba, unatafuta nyingine. Hii inakudai urudi kesho kabla nishati haijafurika. Kijana anayecheza hii na Fate/Grand Order, gemu nyingine ya simu, kila asubuhi ni mpenzi wa RPG kwa kila kipimo, ila hana saa 60 za kumpa Dragon Quest. Kama kuna kinachokula nafasi ya gemu hizi leo, ni hiki, na ni mtoto wao wenyewe.

Wafaransa

Aprili 2025 studio ya Sandfall Interactive ya Montpellier ilitoa Clair Obscur: Expedition 33. Timu ya msingi ya watu kama 30 hivi, bei chini ya gemu kubwa za kawaida, mapambano ya zamu, menyu ya amri, ramani ya dunia ya kutembea kama zile za PlayStation ya kwanza. Adui akipiga unaweza kukwepa, na muda wa kubonyeza ni mrefu kidogo. Au kukinga kwa wakati kamili, ambako ni kugumu zaidi lakini kunakupa pointi za kutendea na nafasi ya kulipiza. Milioni 1 ndani ya siku 3. Desemba ikachukua tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards. Mwongozaji wake, Guillaume Broche, hajawahi kuficha kwamba alitengeneza gemu ya zamu yenye picha za kisasa kwa sababu kampuni kubwa zilikuwa zimeacha kuzitengeneza.

Wapo wanaosema ushindi wa Wafaransa ni ushahidi wa Wajapani kushindwa. Mimi naona mahitaji yaliyokuwa yamekaa bila kuhudumiwa, na timu ndogo iliyoyahudumia kwa gharama inayolipika. Vijiji vyake ni vichache, njia zake nyingi zimenyooka kama za Final Fantasy XIII, na hakuna aliyelalamika sana, kwa sababu kila njia inaishia kwenye pambano linalostahili safari.

Kipimo kinachofuata ni cha Kijapani kabisa. Dragon Quest XII ilitangazwa tarehe 27 Mei 2021. Koichi Sugiyama, mtunzi wa muziki wake, alifariki Septemba mwaka huohuo, na Akira Toriyama, mchoraji, Machi 2024. Amebaki Yuji Horii, mbunifu wa mfululizo huu, aliyesema siku ya tangazo kwamba mfumo wa amri hautafutwa bali utaundwa upya. Huko nyuma Dragon Quest III ilitengenezwa upya kwa picha za nukta na ikauza nakala milioni 2 mwishoni mwa 2024, ikiwa na menyu ileile ya mwaka 1988. Horii ana wanunuzi. Asichokuwa nacho tena ni ruhusa ya kuchonga vyungu vya maua kwa miaka 10.

Nitaanza kuangalia idadi ya konsoli itakazotokea siku ya kwanza, kabla ya kuangalia picha yoyote.